Unyayo Mmoja Kwenye Majivu

Nilipokuwa na miaka kumi nilikidanganya kijiji kizima kwa kunyamaza tu, na uongo huo hadi leo unatembea. Mwezi wa Agosti uliopita nilikuwa nimeketi katika hoteli moja pale sokoni Sigor, chai na mandazi mezani, nikamsikia kijana wa bodaboda akiwasimulia wenzake habari za chemosit aliyewahi kuonekana kule vichakani zamani.

“Babu yangu aliuona unyayo kwa macho yake,” alisema. “Mguu mmoja tu. Na kando yake tundu la mkuki.”

Alikosea mwaka, akakosea na upande wa kijito. Lakini unyayo aliupatia. Nami niliujua unyayo ule, kwa sababu mwenyewe aliwahi kunichomea hindi.

Watu wa mbali wakisikia Kericho na Bomet huona chai tu, kijani kibichi kilichonyolewa sawasawa hadi upeo wa macho. Sigor haiko hivyo. Ukitoka Bomet mjini ukishuka kuelekea Chepalungu, chai inakuacha njiani. Nchi inakauka kidogo, yanaanza mahindi na ng’ombe, na upepo ukivuma kutoka kusini unaleta harufu ya nchi ya Wamaasai. Mwaka 1966 Bomet haikuwa wilaya, hilo lilikuja mwaka 1992. Sote tulihesabiwa kuwa watu wa Kericho, ingawa majani ya chai tuliyoyajua sisi watoto yalikuwa yale ya ndani ya birika. Nyuma ya boma letu palianza kichaka: leleshwa, miiba, na fisi usiku kucha.

Humo ndimo Kogo alimweka chemosit wake. Kogo ni bibi, mama yake baba. Kwa maelezo yake, chemosit ni nusu mtu na nusu ndege. Ana mguu mmoja, hutembea kwa kuruka akijitegemeza kwa fimbo iliyochongoka kama mkuki, na mdomo wake ni mwekundu, unawaka gizani kama taa. Yote hayo yangevumilika. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba chemosit anaimba. Usiku, karibu na maboma yenye watoto, anaimba vizuri sana. Mtoto akichungulia anaona mwanga kichakani, anasikia ngoma moyoni, anadhani watu wanacheza. Anakwenda. Harudi.

Miaka mingi baadaye, chuoni Nairobi, nilikutana na chemosit huyo huyo ndani ya kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi, kilichochapishwa mwaka 1909. Hollis alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na baadaye ndiye aliyepelekwa Zanzibar kuwa Balozi Mkazi wa Uingereza. Wimbo umo, mdomo unaowaka umo, fimbo imo. Na zaidi ya hayo, Hollis ameandika kwamba chemosit ana makalio tisa. Nilicheka maktaba nzima ikanigeukia. Kogo hakuwahi kutaja makalio. Labda aliona haya mbele ya wajukuu, labda wazee wa Nandi walimpima yule Mzungu waone atakubali mangapi. Wazungu wenzake nao walikuwa wakimsaka mnyama mwenye jina hilo kwa bunduki. Mmoja wao, Geoffrey Williams, alisimulia kwamba aliliona dubwana kule Uasin Gishu, na wao wakaliita dubu wa Nandi, katika nchi isiyo na dubu hata mmoja.

Nyumbani kwetu, hata hivyo, chemosit alikuwa na mshindani. Mama yangu aliolewa Sigor akitokea upande wa Kapkatet, na alikuja na zimwi lake. Jina lake Chemirocha: nusu mtu, nusu swala. Huyu hakula mtu. Kazi yake ilikuwa kuimba na kuruka, na wasichana wa Kapkatet walimwimbia wimbo wa kumwita aje acheze, acheze kwelikweli. Mama aliuimba akikoroga kimyet, yaani ugali, na Kogo akiusikia alisonya.

“Zimwi gani hilo linalobembelezwa?” aliuliza. “Zimwi la wasichana.”

Asili ya Chemirocha sote tunaijua sasa. Wasichana wa Mama walisikia santuri za Mzungu: sauti ya mwanamume inatoka ndani ya kisanduku, inapanda ghafla juu ya koo kisha inashuka, na mwenye sauti haonekani. Mwimbaji alikuwa Mmarekani, Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Jina lake likapita kwenye ndimi za Kipsigis likatoka Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wakimwimbia. Wazee wetu wanasema Kimnyole, mtabiri mkuu wa Wanandi, alitabiri nyoka wa chuma atakayetoka ziwani kwenda ziwa jingine akitema moshi, yaani reli. Basi hata Chemirocha alitoka tumboni mwa nyoka huyo, ila nyoka wa nchi nyingine.

Sasa mtazame mtoto wa miaka kumi aliyelelewa na wanawake hao wawili. Mmoja anamwambia wimbo wa gizani utakuua. Mwingine anamwambia wimbo usio na mwenyewe ni mwaliko.

Kulikuwa na watu wa tatu, hao Kogo aliwataja kwa sauti ya chini hata mchana: Watalai, ukoo wa orkoiyot, yaani watabiri wakuu kama Kimnyole. Shuleni mwalimu alitufundisha kwa fahari kwamba Koitalel arap Samoei, mtoto wa Kimnyole, aliuawa na Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, tarehe 19 Oktoba 1905 akiwa amekwenda kuzungumza amani. Hakutufundisha kwamba ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, ndiye aliyekuja kwetu Kipsigis. Hilo lilikuwa la Kogo. Wala hakusema kwamba mwaka 1934 serikali ilitunga sheria nzima ya kuwang’oa Watalai Kericho, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, wazee kwa watoto wachanga, na kwamba walirudi karibu na uhuru wakakuta mashamba yao yana wengine. Nilimuuliza Kogo kama serikali nayo inaogopa chemosit. Alisema, “Chemosit hajawahi kuandikiwa sheria.” Kisha akaniambia nifunge mlango.

Desemba ya 1966 ilikuwa majira ya tumdo. Mtoto wa baba mkubwa alikuwa anaingia jando, na usiku ule watu wazima wote walikwenda kwao. Sisi wadogo tuliachwa na Kogo. Alipoanza kukoroma nilitoka nje kujisaidia, na nikiwa nimesimama pale nyuma ya ghala nikaona, ndani ya kichaka, mwanga mwekundu. Si mweupe kama wa karabai, si wa moto wa kawaida unaorukaruka. Mwekundu uliotulia. Halafu nikasikia wimbo.

Ningependa kusema nilikuwa shujaa. Ukweli ni kwamba miguu ilikwenda yenyewe. Nilijua kabisa kinachompata mtoto anayekwenda, ningeweza kukutajia hatua kwa hatua, na bado nilikwenda. Tangu hapo sijamdharau mtoto yeyote katika hadithi yoyote.

Nilipita leleshwa hadi mwanga ukawa na joto. Palikuwa na kilima cha udongo, kirefu kama kaburi la tembo, na ubavuni mwake tundu jekundu likipumua. Kando ya tundu aliketi mtu. Aliposikia kijiti kikivunjika aliinuka kwa kuruka. Alikuwa na mguu mmoja. Mkononi ana gongo refu lenye ncha ya chuma.

Sikukimbia, na sababu yake inanichekesha: nilikuwa nahesabu. Mguu mmoja, ndiyo. Fimbo, ndiyo. Mdomo mwekundu, ndiyo, ila uko ardhini. Mbawa, hakuna.

“Wewe ni mtoto wa nani?” aliuliza. Kipsigis safi.

Nilimtajia baba yangu.

“Umefuata nini usiku huu?”

“Nimesikia wimbo, Mzee.”

Alicheka mpaka akakohoa, akaketi tena, akanionyesha pa kukaa. Alinichomea hindi kwenye mdomo wa chemosit.

Alikuwa mchoma makaa. Kabla ya hapo alikuwa askari wa keya, yaani King’s African Rifles, na mguu wake aliuacha Burma. Alinitajia bonde la Kabaw kana kwamba liko nyuma ya Longisa: mvua isiyokatika, matope ya kumeza lori, magonjwa kuliko risasi. Askari wa Afrika Mashariki walipita humo mwaka 1944 wakiwafukuza Wajapani hadi mto Chindwin. Yeye hakuufikia mto. Wimbo niliousikia ulikuwa wa keya, Kiswahili cha kambini kilichovunjwa vunjwa, na haukuwa wa kujiburudisha. Tanuru la makaa, aliniambia, ni kama mgonjwa wa homa. Unapanga magogo, unayafunika kwa nyasi, juu ya nyasi udongo, unaacha tundu la kupumulia. Ukisinzia, moto utatoboa udongo upande usioujua, na asubuhi utakuta majivu badala ya makaa, kazi ya wiki nzima imekwenda. Kwa hiyo aliimba ili asilale.

Kukata miti pale kulikatazwa. Mchana aliziba tundu ili moshi usionekane na walinzi wa msitu, usiku akalifungua. Nilimuuliza kama haogopi watu kuona mwanga.

“Wanauona,” alisema. “Lakini nani anakuja? Nilirudi kutoka vitani bila mguu, watoto wakawa wananikimbia njiani. Nikajisemea, kama tayari nimepewa jina, acha linifanyie kazi.” Kisha akaongeza kwa Kiswahili, nami methali hiyo niliisikia kwake kabla ya kuisoma shuleni: “Zimwi likujualo halikuli likakwisha.” Akaniomba nisimwambie mtu. Hakunitisha. Aliniomba, kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima mwenzake.

Mguu wake ulikuwa mtupu. Kidole gumba kilipinda kwa nje, kimeacha nafasi kubwa kati yake na cha pili. Nilikitazama sana kwa sababu niliona aibu kutazama palipokosekana mguu mwingine.

Nilikwenda kwake mara nne zaidi. Mara ya mwisho nilimpelekea kwenye kibuyu mursik kidogo, maziwa ya mgando niliyoyaiba.

Januari mbuzi wakaanza kupotea. Mmoja kwa jirani, wa pili kwetu, wa tatu kwa jirani tena, ndani ya majuma mawili. Mtu akakumbuka kwamba ameuona mwanga. Mwingine naye akakumbuka, na jioni moja wanaume walikusanyika bomani kwetu na mikuki, pinde na mbwa, wakiwa wamekubaliana kwenda usiku ule ule. Hofu ya watu wengi pamoja inafanana sana na ushujaa. Baba yangu alikuwa kati yao, na sikuthubutu kumkabili.

Nilimwendea Kogo jikoni nikamwambia yote. Aliendelea kupepeta wimbi. Aliponyamaza nilidhani atanipiga.

“Alikupa nini?”

“Hindi.”

“La kuchoma au la kuchemsha?”

“La kuchoma.”

Akaweka ungo chini, akachukua fimbo yake, akatoka. Sijui kama nimewahi kuona tena mwanamke mmoja akisimamisha wanaume ishirini kwa sauti isiyopanda. Aliwaambia kwamba chemosit usiku ana taa na wao hawana. Akawauliza ni nani kati yao ameacha ndugu wa kulea watoto wake. Aliwaambia wangoje alfajiri, mdomo ukishafunga. Walinung’unika, na nikaona mabega yakishuka kwa nafuu. Walilala kwetu, wakamaliza ugali wote.

Usiku wa manane nilisikia mlango ukifunguliwa taratibu. Nilipapasa upande wa Kogo, palikuwa baridi. Kulipopambazuka nilimkuta ameketi jikoni akichomoa miiba kwenye shuka lake, mmoja mmoja, akiitupa motoni. Aliniambia niende kuchunga.

Sikwenda kuchunga. Niliwafuata wanaume kwa mbali pamoja na watoto wengine. Walilikuta tanuru limebomolewa, majivu na udongo umetawanywa ili upoe haraka. Na juu ya majivu, wazi kama muhuri, unyayo. Mguu mmoja, kidole gumba kimepinda kwa nje. Kando yake tundu la duara. Mbele kidogo unyayo mwingine, mguu ule ule, na tundu jingine. Nyayo zilielekea kusini hadi kwenye nyasi, zikakoma. Karibu na hapo palikuwa na samadi ya punda, maana makaa hayatembei yenyewe, lakini samadi haikumshangaza mtu. Mbwa walibweka kisha wakanyamaza. Mzee mmoja alivua kofia.

Baba yangu alichutama akaokota kipande cha kaa, akakigonga kwa ukucha. Kililia kama kigae, kaa zuri la leleshwa.

“Chemosit huyu anapika,” alisema.

Hakuna aliyecheka, na baba hakurudia. Nikifikiri sasa, naamini wawili watatu waliokuwa pale walielewa vizuri. Gunia moja la makaa lilikuwa limeachwa chini ya mti, na juma lile nyumba kadhaa zilipika bila moshi, ya kwetu ikiwemo. Lakini waliporudi kijijini, wote, na baba akiwa nao, walisimulia unyayo. Siku tatu baadaye fisi alinaswa kwenye mtego, na mbuzi hawakupotea tena. Nilidhani fisi atauua uvumi. Wapi! Fisi aliwekwa kwenye hesabu ya mbuzi, unyayo ukabaki kwenye hesabu yake.

Yule mzee sikumwona tena. Nimemtafuta kwa njia yangu. Nilipofanya kazi ya ukarani kwenye shamba la chai huko Kericho miaka ya 1980, kila nilipoona mlinzi wa lango mwenye gongo nilitazama miguu kwanza. Mwaka ambao Kogo aliugua ugonjwa wake wa mwisho nilimuuliza alimwambia nini usiku ule. Alisema hakumwambia kitu, alimpelekea chumvi. Nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo, maana aliuliza habari za hindi kabla ya kuuliza mengine yote.

“Ulikuwa ukirudi unanuka leleshwa,” alisema. “Na chemosit halishi. Anakula.”

Kwa hiyo, nikamwambia, hakuwa chemosit. Akanitazama kama mtu niliyesoma sana bila faida. “Yule alikuwa mtu. Mimi nilikuwa nakuambia habari za chemosit.” Hakuona mgongano wowote. Kwake, kumkuta mtu mahali pa zimwi hakuliondoi zimwi, kunaonyesha tu kwamba siku hiyo zimwi halikuwepo.

Mama aliishi akasikia wimbo wake ukirudi. Katikati ya miaka ya 2010 hifadhi ya muziki iliyoanzishwa na Tracey kule Afrika Kusini ilizirudisha Kapkatet zile sauti za 1950, na waliokuwa wasichana wakati ule wakazisikia wakiwa bibi. Mjukuu wangu alimtafutia Mama wimbo huo kwenye simu. Mama aliiweka simu sikioni, akasikiliza, akauliza betri ni ya nani. Kisha akaimba nao hadi mwisho, mkono wake ukikoroga hewa kana kwamba bado kuna sufuria. Jimmie Rodgers alikufa bila kujua kwamba ana kwato. Yule wa Sigor alijua alivyokuwa amegeuzwa, na aliuvaa uzimwi wake kama koti la mvua.

Pale hotelini kijana wa bodaboda alikuwa amefika kwenye wimbo. Akasema chemosit aliimba kwa Kiswahili. Nywele zilinisimama. Hilo sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa Kogo, na Kogo yuko kaburini tangu mwaka 1984. Basi kuna mwingine aliyekuwa akisikiliza usiku ule, labda nyuma ya ghala la jirani, mtoto kama mimi aliyesimama na kuhesabu lakini miguu yake ikakataa.

Nikashindwa kujizuia. Niligeuza kiti. “Kijana wangu,” nikamwambia, “haukuwa mkuki. Lilikuwa gongo, lenye ncha ya chuma. Na alikuja na punda.”

Wenzake walimtazama yeye, kisha mimi. Alinipa heshima yangu, akasubiri nimalize, akatikisa kichwa kwa upole.

“Pole, Mzee,” akasema. “Wewe hukuwepo.”